Laini ya Umeme Juu ya Choo cha Dada

Choo cha dada yangu kilijaa mvua zilipoanza, na halmashauri ikamkataza kuchimba kingine. Halmashauri yenyewe ni mimi. Siyo mimi peke yangu, madiwani tuko wengi, lakini ukimuuliza dada atakwambia ni mimi.

Kampuni ya umeme inataka kupitisha laini kubwa, ile ya nguzo za chuma zenye miguu minne, kutoka bwawani hadi viwandani upande wa pili wa mji. Chini ya nyaya zile mtu haruhusiwi kuishi. Basi wapimaji walikuja na ndoo ya rangi nyekundu, wakapiga alama ya X kwenye kila ukuta ulio kwenye njia waliyoipendekeza, wakaondoka. Mwaka wa tatu huu. Mwenye X hajengi, haongezi chumba, hauzi, hachimbi. Akigusa kitu, mgambo wa halmashauri wanakuja kukivunja, na fidia yake inaingia mushkeli. Nyumba haibomolewi wala haiachiwi. Inakaa na X yake kama ng'ombe aliyeuzwa ambaye mchinjaji bado hajaja kumchukua.

Kinachosubiriwa ni maoni ya halmashauri. Kampuni haiwezi kuanza kazi mpaka sisi tuseme tunaonaje. Nasi tulishasema mara mbili, tena kwa Kiswahili kizuri, na rangi ikabaki ukutani palepale.

Siku moja kabla ya kikao cha tatu nilipita kwa dada. Nilimkuta uani anaosha toroli. Toroli hilo si la mchanga. Shemeji alipata kiharusi mwaka jana, upande mmoja umekufa, na choo chao kilipojaa dada akaanza kumsukuma kwa toroli kwenda cha jirani, asubuhi na jioni, kipande cha godoro kikiwa chini yake.

"Karibu, mheshimiwa," dada akasema.

Akiniita mheshimiwa najua nimeshahukumiwa. Siku za kawaida ananiita Pimamaji kama watu wote, kwa sababu mimi ni fundi muashi, na ukuta wangu hauendi upande.

"Shemeji hajambo?"

"Muulize mwenyewe. Mdomo wake ni mzima."

Shemeji alikuwa kwenye kiti kibarazani, blanketi magotini. Zamani alikuwa dereva wa malori. "Pimamaji," akaniambia, maneno yakimtoka upande mmoja, "nimeendesha tani thelathini kwenye milima, sijawahi kuanguka. Leo naendeshwa na dada yako, kona ya kwanza tu nimepinduliwa."

"Mara moja tu!" dada akasema. "Na ulikuwa unanielekeza vibaya. Kata kushoto, kata kushoto, huku mbele kuna jiwe."

"Dereva hashindani na jiwe. Dereva analikwepa."

Walicheka, nami nikacheka, kisha dada akaacha kucheka. "Jirani kafunga kufuli," akasema. "Tangu juzi. Hakuniambia neno. Nimefika na mume wangu kwenye toroli nikakuta kufuli. Simlaumu. Choo chake nacho kina kikomo, na yeye nyumba yake ina X kama yangu. Kikijaa, atachimba wapi?"

Nikamuuliza kuhusu shimo la choo kipya alilolianza. Akanionyesha kwa kidevu. Kando ya ukuta kulikuwa na udongo mbichi uliosawazishwa.

"Walikuja watatu wenye buti. Wakalifukia nikiwa nimesimama hapa. Nikawauliza, mmetumwa na nani? Wakasema, mama, kamuulize diwani wako. Basi nakuuliza."

"Dada, agizo ni la wote. Nikikufungulia wewe, kila mtu atasema."

"Acha waseme. Midomo ni yao."

"Watasema napendelea damu yangu."

"Hii ndiyo kupendelewa?" Akalipiga toroli teke, likapiga kelele. "Nisikilize, mdogo wangu. Kesho mna kikao. Sitaki maneno ya kupaka mafuta. Mkisema ndiyo, waje wanivunjie, nijue moja, nitafute pa kumpeleka huyu. Mkisema siyo, leteni chokaa mfute hii rangi yenu. Lakini huku kuniweka mlangoni, siingii sitoki, nimechoka. Mimi si bawaba."

Nilitoka pale kichwa kinazunguka. Maana udiwani niliupata kwa maneno mawili tu: laini haipiti. Niliyasema kila kichochoro. Watu wangu wengi wana X, na wengi wao hawataki fidia wala mji mwingine, wanataka nyumba zao. Dada mwenyewe siku ile alinipigia vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Sasa nikipita tu barabarani kinyozi anatoa kichwa nje, mkasi mkononi, mteja kanyolewa nusu.

"Pimamaji! Kesho wakazie!"

"Nitawakazia."

"Laini!"

"Haipiti," nikamjibu. Ningemjibu nini kingine?

Ukumbi wetu wa kikao una feni mbili. Moja haizunguki, nyingine inazunguka kwa kulalamika. Mwenyekiti anakaa chini ya ile nzima. Afisa mipango, mwanamke mmoja mpole mwenye sauti ndogo, alikuwa amebandika ramani ukutani, kata zote za mji na mstari mwekundu umezipita katikati. Mhandisi wa kampuni alikaa pembeni na begi lake mapajani kama msafiri anayeogopa wezi.

Sasa lazima nieleze jambo moja, bila hilo hutaelewa kilichotokea. Sisi madiwani tuna mila tunayoiita adabu ya kata. Diwani akisema kuhusu kata yake, mwingine hapingi. Haikuandikwa popote, lakini ndiyo inayotuwezesha kukaa chumba kimoja bila kupigana. Mimi sikuingilii kwenye mtaro wako, wewe huniingilii kwenye daraja langu. Mbuzi ale kwa urefu wa kamba yake.

Mwenyekiti akafungua mjadala. Wa kwanza kusimama alikuwa Mbolea, tunamwita hivyo kwa biashara yake.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi naunga mkono umeme kwa mikono miwili. Nchi bila umeme ni giza. Lakini katika kata yangu njia hiyo inagusa makaburi. Marehemu wale hawakushirikishwa."

"Adabu ya kata," mwenyekiti akasema. Afisa mipango akapiga msalaba kwenye kata ya Mbolea.

Akasimama Mama Taratibu. Naye aliunga mkono kwa mikono miwili. Ila kwake kuna shule. Msalaba. Akafuata yule wa upande wa mto, naye ana kiwanja cha mpira cha vijana.

"Kile chenye mahindi?" mtu akauliza nyuma.

"Mahindi ni ya muda!"

Msalaba. Ikaendelea hivyo. Mmoja ana kisima, mwingine ana zahanati inayotarajiwa. Kila mtu aliusifu umeme kwanza kama bibi harusi, kisha akaeleza kwa nini asilale kwake. Mwisho ramani ilikuwa imejaa misalaba, na kata yangu tu haijaguswa.

Mhandisi akaomba kusema. Alikuwa mtu wa heshima, alisimama kwanza. "Waheshimiwa, nashukuru. Ila mara mbili mmetuletea maoni kwamba halmashauri inaunga mkono mradi kwa kauli moja, isipokuwa usipite katika kata yoyote. Wakubwa zangu wananiuliza, sasa upite wapi?"

"Juu!" Mbolea akasema.

"Juu ndiko unakopita, mheshimiwa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata feni mbovu nadhani ilitikisika. Mwenyekiti akafuta machozi, akanigeukia. "Haya, Pimamaji. Kata yako."

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga kuanza na jambo dogo. "Mheshimiwa mwenyekiti, kabla ya laini nina ombi. Watu wenye X waruhusiwe kuchimba vyoo. Choo tu. Sisemi nyumba."

Mwanasheria wa halmashauri hakuinua hata macho. "Agizo la kusimamisha ujenzi haliko kwenye ajenda."

"Choo hakingoji ajenda."

Watu wakacheka tena. Mhandisi naye akatabasamu kwa huruma. "Mheshimiwa, naelewa. Lakini tumepita miji mingi. Tukiruhusu choo leo, kesho choo kina madirisha, keshokutwa kina mpangaji, na mwenye nacho anadai fidia ya vyumba viwili na sebule."

Sikuweza kumbishia. Vyoo vya namna hiyo nimevijenga mwenyewe, kwa mikono hii, na kimoja nilikitia vigae.

"Kwa hiyo maoni ya kata yako?" mwenyekiti akauliza. Alikuwa ameshaangalia saa. Wote walijua nitakachosema, na karani alishaanza kuandika.

Nikasimama pale nimeshika mgongo wa kiti. Nikisema haipiti, itakuwa mara ya tatu. Ramani itakuwa misalaba mitupu, mhandisi atarudi kwao, wakubwa zake wataagiza utafiti mwingine, na dada ataendelea kusukuma toroli kwenye kufuli. Nikisema ipite, nimewavunjia watu wangu nyumba kwa ulimi wangu mwenyewe. Na hakuna wa kuniokoa kwa kunipinga, kwa sababu ya adabu ya kata. Sikuwahi kulifikiria hilo. Adabu ile tuliitengeneza ili tujilinde. Hatukuwahi kuwa na mjinga wa kusema ndiyo.

"Kata yangu inakubali," nikasema.

Kalamu ya karani ikasimama.

"Unakubali nini?" mwenyekiti akauliza.

"Laini. Ipite kwangu. Watu wajue moja."

Nikamtazama Mama Taratibu, nikimwomba kwa macho aniulize swali, aseme mheshimiwa umefikiri? Akainamia chupa yake ya maji. Nikamtazama Mbolea. Anatazama dari. Nilitaka mtu mmoja aniite mwehu. Hakupatikana.

"Adabu ya kata," mwenyekiti akasema haraka, kama mtu anayefunga mlango mbwa asiingie. "Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki waseme siyo."

Feni ikalalamika peke yake.

"Walioafiki wameshinda."

Tulipotoka kunywa chai Mbolea alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Wewe ni mzalendo," akaniambia. "Ningekuwa na moyo kama wako." Akaondoka na maandazi matatu. Nikamfuata mhandisi, nikamkuta anapanga karatasi begini, uso umemng'aa.

"Sasa agizo linaondolewa lini?" nikamuuliza.

"Agizo lipi, mheshimiwa?"

"La kutojenga, kutochimba. Si mmeshapata maoni?"

"Aa, hapana." Alinieleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mgonjwa. "Sasa ndiyo linakaza. Mwanzo ilikuwa njia inayopendekezwa. Sasa, kwa kata yako, ni njia iliyoafikiwa. Hakuna kugusa kitu mpaka wathamini wamalize kazi."

"Wanakuja lini?"

"Bajeti ikiruhusu."

"Mwaka huu?"

"Mwaka huu bajeti imeshapita."

"Na ningesema siyo?"

Akafikiri kweli, sikuona kejeli usoni mwake. "Lingebaki kama lilivyokuwa," akasema. Kisha akanipa pole, akaniaga.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Nilipopita kwa kinyozi, kichwa hakikutoka. Alikuwa mlangoni, akanipa mgongo, akaanza kukung'uta kitambaa ambacho hakikuwa na nywele hata moja. Mafundi wangu wawili walikuwa wameacha zana zangu nje ya geti, mwiko juu ya ndoo, bila maneno. Mama watoto alinipa chakula, akakaa mbele yangu akinitazama nikila.

"Sema," nikamwambia.

"Mimi? Nisemeje? Adabu ya nyumba," akajibu, akaondoa sahani kabla sijamaliza.

Asubuhi nikaenda kwa dada. Nilimwambia yote, sikupunguza. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Yeye alinisikiliza huku anakuna mkono, kama mtu anayesikiliza bei ya kitu ambacho hataki kununua.

"Kwa hiyo umesema ndiyo," akasema.

"Ulisema mkisema ndiyo utajua moja."

"Na nimejua nini?"

Nikaitazama ile X ukutani.

"Wananivunjia lini?"

"Haijulikani."

"Na choo?"

"Bado."

Shemeji akakohoa pale kibarazani. "Umeuza ng'ombe," akasema polepole, "ukarudi bila pesa, bila ng'ombe, na kamba umewaachia."

Dada hakucheka safari hii. Alimtazama mumewe, akatazama lile toroli, na nikaona kitu ambacho sijakiona tangu tulipomzika mama. Midomo yake ilitetemeka, akaibana kwa meno. Niliona bora anipige.

Nikavua shati. "Jembe liko wapi?" nikamuuliza.

"La nini?"

"Dada, jembe liko wapi?"

Udongo uliofukiwa ni laini, haujashikana. Sehemu waliyoifukia mgambo niliitoa upesi, kisha nikaingia kwenye udongo mgumu, nikaomba sururu. Kiuno changu si cha kijana tena, lakini mkono ukishajua kazi hauulizi umri. Dada akaenda kuazima ngazi ya mbao, kwa nani sijui, na kamba na ndoo. Mimi najaza chini, yeye anavuta juu. Jua lilipopanda nilikuwa nimezama, kichwa changu kiko chini ya miguu ya watu.

Maana watu walikuja. Kwanza jirani wa kufuli, kisha mkewe, kisha naona suruali, khanga, ndala, zimezunguka mdomo wa shimo. Hakuna aliyenisaidia. Hakuna aliyenisalimu.

"Anachimba nini huyu?" sauti ikauliza.

"Kaburi lake." Huyo alikuwa kinyozi. Sauti yake naijua hata nikiwa ardhini.

"Basi alipime vizuri, si ni Pimamaji?"

Nikaendelea kupiga sururu. Ukiwa shimoni, kila neno linakuangukia, huna pa kukwepa.

Mara zile sauti zikanyamaza, nikasikia buti. Mgambo wawili wakachungulia, mmoja mnene, mmoja mwembamba, wote nawajua. Mshahara wao tunaupitisha sisi.

"Nani ametoa ruhusa hapa?" mnene akauliza, kisha akaniona. "Mheshimiwa?"

"Habari za kazi," nikasema.

"Mheshimiwa, hii njia imeafikiwa jana. Wewe mwenyewe umeiafiki."

"Najua."

"Hairuhusiwi kuchimba."

"Najua."

Akavua kofia, akajifuta kipara. "Tunaomba utoke, mheshimiwa. Tufukie. Tusiandikiane mambo."

Nitasema kweli: ningetoka. Mikono ilikuwa imechubuka, kiu imenikaba, na juu kulikuwa na watu ninaopaswa kuwatazama usoni siku moja. Pale pale niliona njia ya kutoka kama mtu aliyeshindwa na serikali, si kama mtu aliyeshindwa na dada yake. Nikaegemeza sururu, nikanyoosha mkono kushika ngazi.

Ngazi ikapanda. Nilishika hewa.

"Hatoki," dada akasema. Alikuwa ameivuta yote juu, ameilaza miguuni pake.

"Mama, unazuia kazi ya halmashauri."

"Halmashauri hiyo hapo chini. Muulize kama namzuia."

"Dada," nikasema, "teremsha ngazi."

"Kina hakijafika."

"Dada!"

"Wewe fundi. Choo cha kina hiki ungempokea mtu kazi? Si ungesema mwizi huyu?"

Pale juu mtu akacheka, akajizuia, wa pili akashindwa kujizuia. Mgambo mwembamba akamwinamia mwenzake. "Tufukie tu?"

"Tufukie diwani? Una wazimu wewe?"

"Sasa tufanyeje?"

"Tusubiri atoke."

"Atatokaje, na ngazi hawampi?"

Mnene akawageukia watu. "Mleteeni mheshimiwa ngazi."

Hakuna aliyesogea. Nikaona zile ndala, zile khanga, zimesimama tu. Kisha suruali ya kinyozi ikapiga hatua, nikadhani ananihurumia. Akaenda kukaa juu ya ngazi.

"Mwacheni humo humo," akasema. "Alisema watu wajue moja. Hilo la kwanza."

Jirani wa kufuli akasema shimo likiwa na diwani ndani halifukiki, na lisipofukika ni choo. Mkewe akasema basi akitoka hapa aje na kwetu. Wakaanza kubishana nani ana haja zaidi, wenye watoto au wenye wazee, na kelele zikawa kubwa mpaka mgambo wakakaa juu ya udongo wangu wakaomba maji ya kunywa. Wakapewa. Mimi sikupewa.

"Naomba maji!" nikaita.

Kichwa cha dada kikatokea ukingoni, jua nyuma yake, sikuuona uso wake vizuri.

"Utakunywa," akasema. "Chimba kwanza."

Ndoo ikashuka tupu, ikanigonga begani. Nikainua sururu.